Gari Linalovuta Nyuma

Keki ya ghorofa tatu haipendi kilima. Mamdogo, mdogo wake mama, alilijua hilo vizuri, maana jiko lake liko bondeni na keki zake zote za harusi huanza safari kwa kupanda njia ya udongo hadi barabarani. Msimu wa mvua uliopita, teksi aliyoikodi ilikwama katikati ya mwinuko, ikaserereka hadi mtaroni, na bibi harusi akakata keki isiyo na ghorofa ya juu. Mamdogo akaapa kwamba harusi nyingine haitaharibika mikononi mwake. Angenunua gari lake mwenyewe, kubwa, lenye buti pana.

Dalali alituonyesha mawili, bei zikikaribiana.

"Hii nyeupe, mama, inavuta magurudumu yote manne. Hii nyeusi inavuta nyuma."

"Inanivuta nyuma?" Mamdogo alishtuka. "Kaka, wa kunivuta nyuma ninaye tayari."

Alimaanisha mumewe, Baba mdogo, kinyozi mwenye mwili wa kutosha watu wawili, ambaye wakati huo alikuwa anajitazama kwenye mlango wa lile jeusi na kulifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Maana yake nguvu ya injini inakwenda magurudumu ya nyuma tu," dalali alieleza huku akicheka. "Na haili mafuta sana."

"Umesikia, mke wangu? Haili sana."

"Basi hamtaelewana."

Mamdogo alikuwa na sharti moja: magari yote mawili yapande kilima chake, na keki ikiwa kwenye buti. Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukang'aa kama umepakwa siagi. Alibeba keki ya majaribio, ghorofa tatu kavu zisizo na urembo, akampa dalali usukani. Baba mdogo nami tukasimama kando ya njia.

Jeupe lilipanda kama mtu aliyeitwa kupokea mshahara. Keki haikutikisika.

Jeusi lilianza kwa mbwembwe, likafika katikati, kisha matako yakaanza kucheza. Likanguruma, likarusha tope, likasimama. Ghorofa ya juu ikalala upande.

"Tatizo ni dereva," alisema Baba mdogo.

"Tatizo ni kwamba nyuma ni kwepesi," dalali alijitetea. "Ingekuwa na mzigo, ingepanda."

Wote tukamgeukia Baba mdogo.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza, lakini alikuwa tayari anafungua mlango wa nyuma. Gari likainama, likashika udongo, likapanda taratibu hadi juu bila kuteleza. Akashuka uso umemng'aa.

"Mmeona? Si nilisema?"

"Nimeona," Mamdogo alijibu kwa upole ulionitia wasiwasi. "Tuchukue hili hili. Ila kila harusi ya siku ya mvua utafunga duka uje ukae hapo nyuma."

"Kila harusi?"

"Keki yenyewe haina uzito, baba. Wewe unao."

"Lakini harusi ni Jumamosi! Jumamosi nusu ya mji iko kwenye kiti changu!"

"Watasubiri. Nywele haziozi."

Baba mdogo alilitazama jeusi kwa huzuni ya mtu anayeagana na mchumba. Halafu akalizunguka jeupe polepole, akaligonga tairi kwa kiatu.

"Unajua," alisema, "hili nalo lina heshima yake."

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mamdogo alipanda kilima peke yake na lile jeupe, akaifikisha keki ukumbini ghorofa zote tatu zikiwa wima, waridi za sukari zikiwa mahali pake. Wakati wa kurudi alinipitia, tukasimama kwenye duka la kinyozi kumpa habari. Ndani, Baba mdogo alikuwa anamnyoa mteja na kuwahutubia wengine watano.

"Mke wangu alikazania lile jeusi," alikuwa akisema. "Nikamwambia, mama, gari ni kupanda, siyo kung'aa."

Mamdogo aliegemea mlango, mikono imekunjwa.

"Endelea, mume wangu," alisema. "Waambie na ulikaa wapi."