Kochi Lenye Dawa Mkono Mmoja

Siku ile dukani Jinja tulikuwa watu watano. Mimi. Binti yangu kitinda mimba, aliyeolewa Mbale. Mumewe, yaani mkwe wangu, ndiye mnunuzi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu; nyumba yake na yangu pale Walukuba zinatazamana mlango kwa mlango. Na muuzaji wa makochi, mtu wa Nairobi, mpole, viatu vyeupe. Majina yao ninayo yote, hata la baba yake muuzaji, maana nilimwuliza. Lakini jina la mkwe halitoki kinywani mwangu, ndiyo heshima yetu, na kwao Mbale ni hivyo hivyo. Sasa kama la mnunuzi mwenyewe siwezi kuliandika, nitayaandikaje ya wengine? Nikaona niyaache yote.

Wenzangu walikuja kununua makochi. Mimi nilikuwa na langu jambo. Binti alikuwa ameniomba nihamie kwao Namakwekwe, huko Mbale, kwa sababu mikono yangu imeanza kutetemeka. Chai nusu inafika mdomoni, nusu inabaki kifuani. Sikuwa nimesema ndiyo wala hapana. Nilitaka kwanza kujua nyumba ile itanipokea vipi, kama mtu wa nyumbani au kama mgonjwa wa kuangaliwa. Kwa hiyo waliponiita nije nione makochi, nilikuja kuwatazama wao.

Makochi yenyewe yalikuwa rangi ya maziwa. Moja la watu watatu, moja la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Wifi alipoyaona akapiga makofi.

"Eee! Haya watayakalia nani? Malaika?"

"Ndiyo maana tuna dawa, mama," muuzaji akasema. "Tunapuliza kabla hayajatoka dukani. Ukimwaga chai, ukimwaga soda, haiingii. Unapangusa tu. Ila hiyo inalipiwa kando."

Mkwe alikuwa barazani, ametupa mgongo. Yeye na mimi hatukai chumba kimoja tukitazamana. Nilipoingia mimi, alitoka yeye. Maneno yote yakawa yanapitia kwa binti, ingawa duka lilikuwa dogo na kila mtu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mwambie muuzaji hatutaki dawa," akasema huko nje. "Kochi ni la kukalia."

"Baba Watoto, tulipie tu," binti akamjibu. Kisha akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha. "Si unaijua mikono ya mama."

Nikaisikia. Nikaiweka mikono yenyewe chini ya leso.

Mkwe naye akajua nimesikia. "Mwambie mama asisikilize hayo."

"Mama, anasema usisikilize."

"Mwambie nimesikia kwamba nisisikilize."

Muuzaji akatutazama mmoja mmoja, halafu akamwinamia wifi. "Samahani mama, hawa wawili wamekosana?"

"Wakosane wapi? Wanaheshimiana mno. Ndiyo maana yule anachomwa na jua."

Nikafikiri. Binti anataka dawa kwa sababu yangu. Mkwe hataki, sijui kwa nini. Labda haoni haja ya kutumia pesa kwa ajili ya bibi anayemwaga chai. Labda hajataka nije kabisa. Sikujua lipi kati ya hayo lingeniuma zaidi.

Lakini niseme ukweli, kulikuwa na jambo lingine lililonishika kuliko maumivu. Hiyo dawa ni kitu gani? Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo hadi uzee wake, na nguo nimezifua maisha yangu yote. Nguo ni nyuzi, na uzi unakunywa. Unakunywa maji, jasho, mafuta ya taa. Sasa mtu anauzuiaje uzi kunywa, na nguo ibaki laini vile vile? Nikamwuliza muuzaji kama ni nta. Akasema si nta. Kama ni plastiki? Akasema si plastiki hasa. Kama ina harufu? Akaniletea kipande cha kitambaa kilichopulizwa. Nikakinusa. Nikakisugua shavuni. Kitambaa tu.

"Wifi," nikasema, "niletee chai."

Kulikuwa na mama anauza chai nje, na wifi akarudi na kikombe. Nilikishika kwa mikono yangu miwili na sikuhitaji kujitahidi ili kimwagike. Chai ikaanguka kwenye kitambaa, na hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Haikuingia. Ilijikunja ikawa matone ya duara, yakakimbia huku na huku kama mvua juu ya jani la magimbi. Nikainamisha kitambaa upande huu, yakaja. Nikainamisha ule, yakaenda. Nikacheka peke yangu.

"Mama, umeona?" binti akasema. "Sasa tunalipia."

"Ngoja kwanza. Tujaribu na utomvu wa ndizi."

Maana mtu wa huku hamwagi chai tu. Huku tunamenya matoke kila siku ya Mungu, na utomvu wake ukishika gauni, gauni hilo linakuwa la shamba moja kwa moja. Jirani na duka palikuwa na hoteli ndogo, na maganda mabichi yalikuwa kwenye beseni mlangoni. Wifi akaomba ganda, tukaligusisha kwenye kitambaa. Utomvu haukujikunja, haukukimbia. Ulitulia pale pale na kunata.

"Huo, mama, sikuwaahidi," muuzaji akasema, naye amekodoa macho. Nadhani na yeye hakuwahi kuujaribu.

"Basi ni ya chai," nikasema.

"Ni ya chai," akakubali.

"Na mama anamwaga chai," binti akasema. "Baba Watoto, lipa."

"Mwambie..." mkwe akaanza.

"Nyinyi!" wifi akapaza sauti, ganda bado mkononi. "Hebu nyamazeni wote. Mnabishana kulinda makochi yasimwagiwe na nani? Na huyu hapa? Huyu tangu lini anakalia kiti cha mkwewe?"

Ilikuwa kweli. Kiti anachokalia mkwe, mama mkwe hakikalii. Hata mtoto wa Walukuba anajua. Mimi naijua heshima hiyo kuliko wote, binti nimemfundisha mwenyewe, na mkwe ndiye aliyesimama juani kwa ajili ya hiyo hiyo. Tukaisahau wote kwa pamoja, tumeshika chai na maganda. Makochi ya kutosha watu saba, na mimi sikuwa na hata moja la kukalia.

Aliyecheka kwanza ni mkwe. Sikumwona uso, niliona mabega yakiruka. Alipomaliza akasema, bila kugeuka:

"Mwambie mama achague lake katika yale ya mtu mmoja. Tangu leo sitaligusa, hata kulisogeza nitamwita mtu."

Binti akafungua mdomo anipe maneno hayo, nikamwonyesha kwa mkono kwamba yamefika.

"Na mwambie," mkwe akaendelea, sauti chini kidogo, "dawa nilikataa kwa sababu wageni wangeona chai inakimbia wakaniuliza dawa ni ya nini. Ningewajibu nini? Kwamba nimemwogopa mama?"

Nilichagua la upande wa dirisha. Nikakaa. Lilinipokea vizuri, miguu ikafika chini.

"Sasa hilo lako, mama, tulipulize au tusilipulize?" muuzaji akauliza.

Wote wakaningoja. Ningesema hapana, nisingejua dawa ile inafanya kazi siku ngapi. Ningesema ndiyo, nisingejua kitambaa peke yake kingekuwaje. Nikamwambia apulize mkono wa kulia wa kochi, wa kushoto auache.

"Mkono mmoja?"

"Mmoja. Nataka kuona."

"Mama, sijawahi kuombwa hivyo," akasema, akaenda kuleta chupa yake. Akaupuliza bure.

Na ndivyo nilivyohamia Mbale, na kochi langu juu ya pikapu likitangulia. Limewekwa chumba cha pili, mlango wazi, pazia katikati. Mkwe anakaa sebuleni upande ule, mimi upande huu, na jioni tunazungumza habari za bei na mvua. "Mwambie mama," anasema, hata binti akiwa jikoni hasikii. Makochi mengine yalikwenda bila dawa, na binti ameyafunika vitambaa vya kufuma hata rangi ya maziwa haionekani.

Mkono wa kulia bado hauna doa la chai, ila pale kiganja changu kinapolala pameingia weusi wa ngozi, ambao dawa haikuuzuia. Wa kushoto umejaa madoa. Hili ni la chai ya Idi, wifi alipokuja kunitembelea akanisalimu kwa nguvu. Hili la zambarau ni la mjukuu wa pili. Hili ni la utomvu, langu mwenyewe. Wenye madoa nawajua wote kwa majina.

Sasa wifi ananishangaza. Anasema muuzaji alipuliza mkono wa kushoto, si wa kulia, kwa sababu alikuwa ametugeukia, na kulia kwake ni kushoto kwangu. Kama ni hivyo, ulio na dawa ndio uliochafuka, na kitambaa kitupu kimejilinda chenyewe, nami itabidi nianze kufikiri upya. Majina hayanipotei, lakini kulia na kushoto hunichanganya siku hizi. Wewe unayesoma, kama ulikuwa unapita pale dukani ukaona, au umeisikia tofauti kwa mmoja wetu, njoo unisahihishe. Utanikuta kwenye kochi.