Kaimu wa Msimu Mmoja

Mwaka ule Wagiriki walipomchukua mchumi wao na kumpa nchi aishike kwa muda, redio yangu ndogo ilisema habari zake kila asubuhi nikinyoa ndevu kwangu mjini Bariadi. Vyama vikubwa vilikuwa vimegombana, na hakuna aliyetaka kusaini hatua za kubana matumizi ambazo wananchi wangezichukia. Wakamwita profesa, mtu wa mabenki, wampe kazi hiyo yeye. Nilimwonea fahari, mjinga mimi. Nilikuwa nafundisha uchumi sekondari, nikadhani hatimaye dunia imetambua watu wa aina yetu.

Msimu uliofuata yakanikuta. Kijijini kwetu, upande wa Maswa, chama cha msingi cha wakulima wa pamba kilikuwa na makundi mawili, na kila kundi lililaumu lenzake kwa kupokea pamba iliyotiwa maji na mchanga ili iongezeke uzito. Mnunuzi alishatishia kutokanyaga tena kwetu. Wakakubaliana jambo moja tu, nalo ni mimi. "Mwalimu hana upande," walisema, nikapewa barua ya kaimu mwenyekiti.

Baba alifurahi kupita kiasi. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha kwenye mizani, na neno kaimu hakuwahi kulisikia. Wenyeviti aliwajua wengi, hadi wa kitongoji. Akaamini kaimu ndiye mkubwa wao. Alipita nyumba kwa nyumba akitangaza, "Ng'wanawane ni kaimu!" Yaani mwanangu, kwa Kisukuma chetu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kaimu ni mshikilia nafasi tu.

Nilikuwa mkali. Nilizamisha mkono ndani ya kila gunia mpaka begani, na pamba iliyolowa niliirudisha. Viongozi wa makundi yote mawili walikaa pembeni, hata kukohoa hawakukohoa. Jioni walikwenda kuwapa pole waliorudishwa: si sisi, ni huyo msomi wenu. Nilijua, na bado nikaendelea.

Wiki ya tatu mkokoteni wa baba ukafika. Nilimwamkia mbele ya foleni, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia akicheka. Nikazamisha mkono. Ulitoka umelowa, mchanga umejaa kwenye kucha.

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo nalisema hili kwa hasira: ningeweza kunyamaza. Lakini nyuma yake walisimama watu ambao jana yake niliwarudisha na mikokoteni yao.

"Hii irudi," nikasema.

"Yaani kaimu anashindwa kumpokea baba yake?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli, hakunikejeli.

"Baba, kaimu si mkubwa. Nimeshikizwa tu."

Watu waliangua kicheko. Baba aliwageuza ng'ombe mwenyewe, akaondoka bila kunitazama.

Hakunisemesha tena. Nikifika nyumbani, yeye anatoka kwenda zizini. Mama aliniwekea ugali, akanisihi nile, kisha akalia mbele yangu.

Msimu ulipokwisha, makundi yalipatana na mwenyekiti wa zamani akarudi. Mnunuzi naye alikuwa amekubali kubaki, kwa sababu ya pamba safi niliyoipigania mimi, lakini sifa walijipa wao. Mkutanoni hawakunitaja hata kwa bahati mbaya. Siku moja nilikuta habari ya yule Mgiriki kwenye gazeti kuukuu lililofungiwa dagaa wa Lamadi. Alishaondoka madarakani zamani, na wanasiasa walikuwa wamerudi vitini mwao. Nilitafuta mstari unaosema nyumbani kwake walimpokeaje. Haukuwapo.

Msimu mwingine ulipoanza, nilikwenda kijijini asubuhi ya siku ambayo baba angepeleka pamba. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amefungua magunia, ndoo ya maji iko miguuni, na mgongo umemkatalia kuinama. Sikumwamkia. Niliogopa asingeitikia. Nilichukua ndoo, mimi niliyewafundisha watoto wa watu habari za ubora wa bidhaa sokoni, nikaanza kunyunyizia gunia moja baada ya jingine. Alisimama ananitazama mpaka nikafika gunia la mwisho.

"Ongeza," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa mwaka mzima, nami nikaongeza.