Nilikaza Vifungio kwa Mkono Wangu, Lawama Anabeba Fundi

Admin, jina langu lisionekane popote, maana sisi wa mtaa huu wa Xiaobei tunajuana mpaka viatu. Na nyie mnaosoma, msianze kucheka kabla sijamaliza. Nina miaka sitini na saba. Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Guangzhou nimefunga mizigo ya watu wa Dar miaka kumi na tano, na hakuna kreti langu lililofika limeachia.

Naishi na binti yangu na mjukuu wangu, tumwite Zuhura, ana miaka kumi na sita. Mji huu una joto la kukera, lakini kuna jumba lina theluji ndani, watu wanavaa makoti wanateleza. Zuhura anaupenda mchezo huo kuliko kula. Mwalimu wake alishamwahidi nafasi kwenye timu ya vijana. Tukampatia mbao za kutelezea za mtumba, ila hazikuwa na vifungio, vile vidude vinavyoshika buti. Vikanunuliwa peke yake, nikatumwa nipeleke vyote dukani, fundi avifunge.

Nikaenda. Fundi, kijana wa Kichina, akataka buti, akataka uzito wa mtoto, halafu nirudi baada ya siku tatu. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia, "Laoban, bosi wangu, skrubu chache hizi, siku tatu unajenga ghorofa?" Akacheka, akanipungia mkono kama anafukuza nzi. Mimi huyu! Nikabeba mbao zangu nikaondoka.

Nyumbani nikatoa drili yangu ya makreti. Nikapima kwa buti, nikatoboa, nikafunga. Vikakaa sawasawa, wallahi. Nikaona skrubu nyingine mbele na nyuma, zina vidirisha vya namba. Sikuuliza za nini. Kwenye mzigo, kilicholegea kimepotea, basi nikazikaza mpaka namba zikagota mwisho. Zuhura aliporudi akauliza, "Bibi, fundi kamaliza?"

Nikasema, "Kamaliza." Nilivimba kichwa, nilitaka aone kazi kwanza ndipo nijisifu.

Jumamosi iliyopita akaanguka. Wala si kuanguka kwa ajabu, wenzake huanguka hivyo hivyo wakainuka wakajipangusa. Lakini buti la Zuhura halikuachia. Mbao ikaenda huku, mwili kule, goti likawa katikati. Hospitali wakasema kano imekatika, atapasuliwa baadaye, kwa sasa alale nyumbani. Timu asahau mwaka huu, labda na mwakani.

Mwalimu wake ndiye aliyenieleza, wala hakujua anaongea na aliyezikaza. Eti zile skrubu hupimwa kwa uzito wa mtu, ili ukianguka kifungio kikuachie mguu. Jamani! Maisha yangu yote nafunga vitu visitoke. Nani aliniambia kuna kitu kinafungwa ili kitoke?

Sasa binti yangu amewaka moto. "Mama, Jumatatu twende kwa yule fundi. Utanionyesha kwa kidole ni yupi, nimwaibishe mbele ya wateja wake, na polisi naita." Kijana wa watu hajagusa hata skrubu moja. Zuhura akasema kutoka kitandani, "Mama, mwacheni, labda mimi ndiye niliyeanguka vibaya." Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Msiniambie "sema ukweli" kama mnamfundisha mtoto. Ukweli naujua, mdomo ninao. Lakini Zuhura nimemlea mimi tangu ana miezi minane, mama yake akizunguka na biashara. Mpaka leo hataki nesi amguse goti, anasema, "Aje Bibi." Namfunga bandeji, ananiangalia mikono, anatulia. Nikishasema, ataikubali tena mikono hii?

Jumatatu ni keshokutwa. Nimwambie nani kwanza, mtoto au mama yake? Na naanzaje? Nipeni hilo neno la kwanza tu, matusi yenu nitayasoma baadaye.