Watu Watano wa Nyumba ya Aglaia

Usiku kucha Aglaia hakuvua kitambaa cha kichwa. Alikaa jikoni kando ya jiko la kuni, simu mapajani, akingoja jibu la mwanawe Ovidiu kutoka Uhispania. Alikuwa amemwomba kitu kimoja tu: tarehe za kuzaliwa za wajukuu zake wawili. Bibi gani asiyezijua?

Mambo yalianza jana. Zenovia, binti wa jirani aliyepewa kazi ya sensa, aliingia uani na mkoba wake. Kijijini watu walikuwa wakinong'ona kwamba kata ikipungukiwa watu, itaunganishwa na ile ya ng'ambo ya kilima, na shule itafungwa.

"Shangazi, humu mnaishi wangapi?"

"Watano. Mimi, Ovidiu, mkewe na watoto."

Hata nguo za watoto alikuwa ameanika kambani. Zilikuwa za Ovidiu, za miaka thelathini iliyopita.

"Mbona siwaoni?"

"Wameenda sokoni, mjini Vaslui."

"Wote? Jumanne?"

"Kwani Jumanne watu hawali, mwanangu?"

Zenovia akacheka. "Haya, nitajie tarehe za watoto."

Aglaia akababaika. Akasema vyeti vimefungiwa kwenye chumba kikubwa, na ufunguo anao Ovidiu. Akamwambia arudi kesho.

Lakini si shule iliyomsukuma kusema uongo. Miaka sita Ovidiu hajakanyaga pale, tangu Pasaka ile Aglaia alipomwambia mkewe, mbele ya wageni, kwamba hata nyama kwenye jani la kabichi hajui kuikunja, sembuse kulea watoto. Yule mkwe aliinuka mezani na mimba yake ya pili. Yeye, Ovidiu na mtoto wao wakalala chumba kikubwa, na alfajiri wakaondoka bila kuaga. Majirani waliokuwapo hawajasahau. Aglaia hakutaka karatasi ya serikali nayo imkumbushe.

Kulipokucha simu ililia mara moja. Ujumbe: "Mama, tarehe za nini? Sisi tulishahesabiwa huku."

Basi. Hakuuliza hata hali yake.

Zenovia akabisha hodi. "Shangazi, ufunguo umepatikana? Maana tangu jana nyumba nne zimeniambia watu wao wako sokoni. Soko hilo sasa limeushinda mji wenyewe kwa watu!"

Aglaia hakucheka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake siku zote, pamoja na msalaba. Angeweza kusema umepotea; Zenovia angejifanya ameamini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akauvua. Kufuli ya chumba kikubwa ikagoma, kisha ikakubali. Baridi ikawapiga usoni. Mazulia ya sufu yalikuwa yamepangwa hadi darini, na kitandani shuka za Pasaka ile zilikuwa bado zimevurugika, vilevile walivyoziacha.

"Andika mmoja," Aglaia alisema, akausukuma mlango hadi mwisho.