Msalaba wa Zamu

Jumuiya yetu ya Mabatini ilikuwa na msalaba mmoja wa mbao wenye sanamu ya Yesu, urefu wake kama mkono. Kila Alhamisi jioni tulisali nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu alibaki nao wiki nzima, mpaka wenzake waje kuusindikiza kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata.

Ulipoletwa kwangu, mume wangu alikuwa hoi kitandani. Alipunguzwa kiwandani wakati viwanda vinabinafsishwa, akaenda kuchuuza samaki visiwani, akarudi na kikohozi na suruali zisizomkaa. Ugonjwa wenyewe miaka ile watu waliutaja kwa kushusha sauti. Wanajumuiya walimchungulia, wakasali harakaharaka, wakaondoka bila kugusa chai.

Alhamisi iliyofuata niliosha vigoda, nikachemsha chai ya tangawizi, nikasubiri waje kuuchukua msalaba. Hakuja mtu. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikasikia nyimbo kwenye kichochoro cha nyuma, nikatoka na ufagio mkononi, nikijifanya nina kazi nje. Walikuwa wamebeba msalaba mpya, haujapakwa hata rangi. Kumbe walimpa seremala kazi, ili wasivuke kizingiti changu.

Mume wangu alifariki kabla ya Noeli. Mazishini walikuja, wakakaa mbali na mimi, na matanga yalipoisha nyumba ikanyamaza. Mimi nilikuwa mzima, nimepimwa, lakini hakuna aliyeniuliza.

Watu husema nilivumilia. Sikuvumilia kwa upole. Nilimgombeza Mungu nikiwa nachambua mchele, nikamwuliza nimemkosea nini. Siku moja nikainua macho ukutani, nikamwona Yesu wa ule msalaba ananing'inia pale kwenye msumari, miezi sasa, hakuna aliyekuja kumchukua. Nikamwambia, "Kumbe na Wewe wamekususa." Nilicheka peke yangu, kisha nikalia sana. Tangu siku ile nilisali naye kila Alhamisi. Nilianzisha Salamu Maria mwenyewe, nikaitikia mwenyewe.

Kwaresima ilipofika, mwenyekiti wa jumuiya alibisha hodi, yeye na akina mama wengine wawili.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Padri anauulizia ule msalaba wa zamani. Anasema ndio alioubariki."

"Upo. Lakini hautoki hapa bila kusaliwa, mama. Ndivyo tulivyokubaliana wote."

Walitazamana. Kisha wakaketi kwenye ncha za vigoda, na mimi nikaanzisha. Nilipofika katikati ya sala sikutua, nikaendelea na sehemu ya kuitikia, na sauti zao zikanikuta njiani. Nilishtuka hata nikapoteza maneno. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huitikia. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, naye akawa hawezi kuendelea.

Hata hivyo, chai niliyowamiminia hawakunywa. Waliondoka na msalaba wakiimba kwa sauti ya chini, nami nikasimama mlangoni mpaka walipokata kona. Vikombe vyote vitatu nilivinywa mimi, vimepoa.

Alhamisi iliyofuata nilipiga magoti mbele ya msumari mtupu. Nilianzisha Salamu Maria, nikafika katikati, nikanyamaza, nikasikiliza mlangoni kwa muda. Kisha nikaitikia mwenyewe.