Feni Iliyokuja Bila Hodi

Joto la Novemba ile lilitukuta hatujajiandaa. Songea ni mji wa masweta; nani hapa mtaani kwetu Mshangano alikuwa na feni? Mabati yalikuwa yanaunguza tangu asubuhi, na watu wakawa wakali bila sababu. Jirani yetu wa mbele, fundi cherehani tunayesali naye jumuiya moja, alimrushia mkewe sufuria kwa kuwa uji ni wa moto. Jamani, uji uwe wa baridi?

Mama yangu ana presha. Mchana alikuwa akilala barazani kwenye mkeka, anahema mpaka naogopa. Nikamlilia mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam.

"Dada, tulia," akaniambia kwenye simu. "Siku hizi ni kubonyeza tu."

Akabonyeza. Feni ikapakiwa kwenye basi, na mtu wa kuitoa stendi hadi nyumbani akapangwa hukohuko mtandaoni. Sikugombana na konda, sikubeba kitu kichwani juani. Nikasema kweli dunia imekuwa rahisi.

Kumbe mdogo wangu, kwa upendo wake, alimwandikia mleta mzigo maelekezo: mgonjwa amelala, usipige hodi, acha barazani. Labda huko kwao kwenye mageti na walinzi inawezekana. Kwetu, mgeni akiingia uani bila hodi hana jina lingine. Hata padri akija kubariki nyumba husimama nje mpaka ajibiwe.

Mleta mzigo alikuwa dereva wa bodaboda, mwanaume wa makamo, mtu wa upande wa Tunduru. Alifuata maelekezo kama yalivyo. Aliacha pikipiki barabarani, akanyata, akaweka boksi pembeni ya mkeka, kisha akainama na simu apige picha, maana bila picha ofisi yake haiamini kwamba mzigo umefika. Fundi cherehani akamwona kutoka dirishani kwake: mwanaume asiyemjua, kimya, ameinama juu ya mama wa watu aliyelala.

"Mwizi!"

Mimi nilikuwa bombani. Nilisikia ukelele unatoka kwetu, nikajua mama amekufa. Nikakimbia na ndoo yangu mkononi, maji yananimwagikia miguuni.

Ua ulikuwa umejaa. Mama yangu alikuwa ameburutwa ndani, eti wanamwokoa. Yule bwana alikuwa chini, helmeti imeng'olewa, fundi anamshushia mpini wa jembe mgongoni. "Nimeleta mzigo! Wallahi nimeleta mzigo!" Kila akifungua mdomo, kiatu cha mtu kinamziba. Mama mmoja wa kwaya, ambaye Jumapili alikuwa ameimba mpaka nikatokwa machozi, alikuwa amepiga magoti anamponda vidole kwa jiwe ili aachie simu. Nilisikia vidole vinavunjika. Sauti ile ninayo mpaka leo.

Nikaliona boksi, ubavuni limechorwa feni. Nikaelewa.

"Mwacheni! Ametumwa kwetu! Ameleta feni ya mama!"

Nani asikie? Nikawamwagia maji, wakazidi kupandisha mori. Nikamtandika fundi ndoo ya uso, jino likatoka, na sijuti hata kidogo. Wakati huo mtu alishachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki ya yule bwana na kujaza chupa.

"Kibiriti! Nani ana kibiriti?"

Mlango ukafunguka. Mama akatoka amejishikiza ukutani, khanga inamdondoka.

"Mnampiga nani?"

"Mwizi, mama! Ameingia bila hodi!"

"Hodi amepiga."

Mpini ukabaki hewani.

"Amepiga, nami nikamjibu karibu. Mnampiga mgeni wangu, nyumbani kwangu?"

Mama yangu, anayekwenda kuungama kwa kusinzia katikati ya rozari, aliwadanganya watu wote wale mchana kweupe. Mikono ikashuka. Mwenye chupa akaimwaga petroli mchangani, na harufu ikatukaba koo. Fundi akatema damu, akasema, "Pole mama, hatukujua." Pole mama! Na huyu aliyelala hapa chini je, washenzi nyie?

Hospitali walimshona kichwa, ila vidole vya mkono wa kulia havikurudi. Mtu hawezi kuzungusha mshikio wa mafuta wa pikipiki kwa mkono wa namna ile. Jioni mdogo wangu alinitumia picha aliyoipokea, na ujumbe kwamba mzigo umefika. Ilionyesha kona ya boksi na nyayo za mama. Nilimtukana mpaka akakata simu.

Mvua zilipoupoza mji, yule bwana alikuja kuchukua helmeti yake. Alisimama barabarani, mbali na ua, akapaza sauti.

"Hodi!"

"Karibu," mama akajibu.

"Hodi!"

"Karibu baba, pita ndani."

"Hodi!"

Aliita mpaka majirani wakatoka milangoni, fundi naye, na bado hakusogea. Mama akaichukua helmeti, akatoka nayo mwenyewe kwenye mvua. Yule bwana akampa shikamoo, kisha akamwomba radhi kwa kuipokea kwa mkono wa kushoto.