Asidi ya Mama Enyonam

Mama Enyonam Tamakloe alitunza maabara ya shule yetu mjini Ho kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mikono ikambabuka, na hakuna kilichomtia kinyaa kama "jibu la mwalimu". Wanafunzi sote tulilijua. Mwalimu Agbenu alitangulia kufanya jaribio, namba yake ikanong'onwa benchi hadi benchi, nasi tukaiandika hiyo hiyo. Nani ahangaike kupima?

Siku hiyo tulitakiwa kudondosha asidi kwenye maji ya magadi yaliyotiwa rangi ya waridi, mpaka rangi ipotee, kisha tuandike zimeingia mililita ngapi. Dakika kumi hazijaisha, watu arobaini tumeandika ishirini na nne nukta sita. Mwalimu akatutia vyema wote.

Mama Enyonam akapita kwenye mabenchi, akasonya.

"Mwalimu, hebu tazama. Yote bado ya waridi."

"Mama, usitucheleweshe bwana!"

Akachukua chupa mpya iliyoandikwa ASIDI, ile ile tuliyogawiwa sote, akaimimina kwenye kikombe chake cha chai. Tukapiga mayowe. Akanywa yote, akajifuta mdomo kwa kitenge.

"Maji ya kunywa," alisema. "Nimeyajaza mwenyewe mwalimu alipomaliza jaribio lake. Watu arobaini mna macho, na hakuna aliyeona kitu!" Akatema mate dirishani. "Halafu eti mnataka udaktari. Siku nikiugua, tafadhalini msinipime. Nizikeni tu."